Bomba Tulilolipika Jikoni kwa Feza

Mulenga alikuja msibani akiikokota pikipiki. Niliiona kwanza taa yake ya mbele ikipita nyuma ya ua wa matete, kisha kichwa chake ambacho siku hizi hakina nywele, na nikaelewa kwamba alikuwa ameizima tangu barabara ya lami, akaisukuma njia yote kwenye mchanga, mtu mzima mwenye tumbo, ili isilie mbele ya nyumba yenye maiti. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo walimpisha. Aliiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akaja akachuchumaa mbele yangu, akapiga makofi mawili matatu ya taratibu kama watu wa Nchelenge wanavyosalimia penye huzuni, halafu akaniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita. "Mulamu," alisema. "Feza ametuacha." Sikuwa shemeji yake, wala yeye hakuwa wangu. Ulikuwa utani wake wa miaka ile, kwamba siku moja angemwoa dada yangu Feza na masufuria yake yote. Nilitaka kumjibu, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kuteremka kwenye bomba la moshi la pikipiki. Lilikuwa lilelile. Injini imebadilishwa mara mbili, aliniambia baadaye, na tangi si lake, lakini bomba ni lile, na mwishoni mwake palikuwa bado na bolti niliyoikaza kwa mikono yangu nikiwa na miaka kumi na saba, spana ikiniponyoka.

Jinsi tulivyokimbia vita tukafika upande huu wa ziwa, Zambia, sitaeleza. Watu wengi walivuka, na hadithi zetu zinafanana kuliko tunavyopenda kukiri. Ninachokikumbuka ni chumba. Kilikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo pembeni mwa mtaa wa wavuvi, mahali ambapo sisi tuliotoka ng'ambo tulipanga kwa wenyeji, na nyuma yake jiko lililoezekwa kwa turubai. Mlango ulikuwa mmoja, na kila kitu ndani kilipangwa kwa ajili ya mlango huo. Ndara tuliziweka zikitazama nje. Kitenge cha kumbebea Neema, mtoto wa Feza aliyekuwa hajaanza kutambaa, kilining'inia kwenye msumari upande wa mkono wa kulia, ili kisitafutwe. Kulikuwa na mfuko mdogo wa unga wa njiani ambao hatukuruhusiwa kuula. Na kulikuwa na sheria, ambayo Feza alinirudisha niiseme kila Jumapili tukitoka kanisani, kama mwalimu anavyomrudisha mtoto kwenye hesabu. Ukisikia risasi, kimbilia matetini, upande wa maji. Usinisubiri. Usiniite, na mimi sitakuita. Na ukisikia jina lako, usiitike, hata kama sauti ni yangu.

Mara ya kwanza nilimuuliza sababu. Alikuwa akipepeta unga, wala hakuacha kupepeta. "Juu bale batu banajua majina yetu," alisema.

Nilikuwepo kule ng'ambo siku wale wenye bunduki walipoita majina. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope nikisikia jirani akiitwa kwa upole, kama mtu anayeitwa kula, na nikamsikia akiitika. Ndiyo maana sikuuliza tena. Mwaka wote ule niliishi na hofu kama wengine wanavyoishi na kikohozi: haikunizuia kucheka wala kula, ila ilikuwa ikinikatiza katikati. Mlango ukigongwa, nilirudisha tonge sahanini. Ndoo ikianguka, nilijikuta nimesimama. Feza hakuruka kama mimi. Yeye alisikiliza. Aliinua kidevu kidogo, akaweka kila sauti mahali pake, kisha akaendelea na kazi.

Pikipiki alizijua zote. Asubuhi boti zilipofika, wachukuzi wa pikipiki walishuka ufukweni kupakia chisense waliokaushwa, vile visamaki vidogo vinavyong'aa kama misumari mipya, na jioni walirudi kutoka Kashikishi au Mwansabombwe wakiwa weupe kwa vumbi. Feza akiwa jikoni alisema huyu fulani, huyu mwingine, huyu leo amebeba mtu mnene. Ya Mulenga ilikuwa rahisi kuliko zote. Ilikuwa pikipiki ya Kichina yenye sauti ndogo, na ilipotembea polepole, baada ya kila milio minne au mitano ilimeza mate. Inatatarika, inatatarika, inameza, inaendelea. Feza akiisikia kule darajani alimimina unga kwenye maji yaliyochemka, na mpaka Mulenga anafika uani bukari, ugali wetu, ilikuwa imeiva na sombe ya majani ya mihogo imepakuliwa. Mulenga alikula kwetu siku nyingi kuliko kwao. Alisema anakuja kwa ajili ya mchuzi, huku akinitazama mimi na kumnyooshea Feza kidole kwa siri.

Wenzake walimcheka kwa sauti ile. Kashikishi sokoni walimwambia pikipiki yake inalia kama cherehani ya kikongwe, wakamuuliza kama anaweza kuwashonea suruali. Alivumilia msimu mzima. Kisha mchukuzi mmoja akamwambia kwamba bomba la kiwandani linaibana injini pumzi, na kwamba ukiling'oa utumbo wa ndani, ule mrija wenye matundu unaomeza kelele, pikipiki inapata nguvu ya kupanda kilima na magunia manne. Mulenga alikuja nayo kwetu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na msumeno wa chuma, na kwa sababu nilikuwa nimemtengenezea kabureta mara mbili naye akanitangaza kuwa fundi. Nilipenda kuitwa fundi. Lilikuwa neno la mtu anayekaa mahali, si neno la mtu aliyefika.

"Mulamu, tunatosha tu utumbo," alisema, akionyesha kwa mkono tutakavyoung'oa. "Itapumua muzuri. Bale bajinga batanyamaza."

Tulilifungua bomba uani. Ndani lilikuwa limejaa masizi na mafuta yaliyoganda, na utumbo wake haukutoka hata tulipouvuta sote wawili, mguu ukutani. Hivyo tukalipika. Nasema tukalipika kwa sababu hakuna neno lingine: tulilichomeka katikati ya moto wa Feza, kati ya mafiga, na tukakaa tukilichochea kama watu wanaosubiri viazi, huku moshi mweusi ukitoka mwisho mmoja na povu mwisho mwingine. Feza alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani na Neema mgongoni. Aliitua ndoo.

"Ile kintu munapika mu jiko yangu njo nini?"

Mulenga akamwambia ni kitoweo cha Kizambia. Feza hakucheka, lakini pembe za mdomo wake zilikaza, na kwake hiyo ilikuwa karibu na kucheka. Alituambia kwamba bukari ikinuka petroli tutaila wenyewe. Ilinuka, na tukaila wenyewe, tukimsifu mpishi kila tonge. Nakumbuka mwanga mwekundu usoni mwake alipokuwa akimnyonyesha Neema, na Mulenga akitumbua macho kama anayemeza mwiba ili mtoto acheke, na nakumbuka kuwa kwa mlo mzima sikuutazama mlango. Nautaja mlo ule kwa sababu ulikuwa wa mwisho wa aina yake.

Bomba lilipopoa nilikata sehemu mbili lilipochomelewa, nikauvuta utumbo ukatoka mzima, mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Feza aliuchukua akauweka jikoni badala ya figa lililokuwa limepasuka. Ulikaa sawa kabisa chini ya sufuria. Lakini mahali bomba linapokutana na injini palikuwa na pete laini ya kuzuia hewa, nayo ilikatika tulipofungua. Fundi wa kweli angeenda dukani. Mimi nilikata pete nyingine kwa mkasi kutoka kwenye kopo la dagaa, nikaibana, nikasema imetosha. Sikujua wakati ule kwamba hewa ikiingia pale, petroli isiyoungua hulipukia ndani ya bomba kila unapoachia mafuta. Sasa nalijua vizuri kuliko ninavyojua sala zangu.

Tuliijaribu asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshapanda, Mulenga akiendesha na mimi nyuma. Kwenye tambarare ililia kama lori, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walitupungia mikono. Tulipanda hadi kilimani, tukageuka. Kwenye mteremko unaoelekea mtaani kwetu Mulenga aliachia mafuta, na bomba likatoa mlipuko. Pa. Halafu pa-pa-pa, kavu, zenye mwangwi kutoka majini. Mulenga alipiga ukelele wa furaha, akakaza mafuta, akaachia tena kusudi. Pa-pa. Nilikuwa nimemshika kiunoni, na sauti ile niliijua tangu ng'ambo. Nilimpiga mgongoni. Nilimpiga tena. Alidhani nafurahi.

Tulipofika chini, upande wa wenyeji watu walikuwa wamesimama, mikono kiunoni, wakitazama huku na huku. Upande wetu hapakuwa na mtu. Sijui kama mmewahi kuona mahali palipokuwa na watu dakika chache zilizopita. Sufuria zilikuwa zikichemka. Kuku mmoja alikuwa ndani ya beseni la unga. Ndara hazikuwepo milangoni, hata jozi moja. Mulenga alizima injini na kicheko kikamwishia mdomoni, kikabaki umbo tu la kicheko. Bana Mwape, jirani yetu mwenyeji aliyekuwa akianika chisense, alilitazama bomba linalofuka, akanitazama mimi. Nilishuka, nikaenda chumbani kwetu. Kitenge hakikuwa kwenye msumari.

Kinachofuata ndicho nilichokuja kukiandika, na ningeweza kukiruka. Watu walianza kurudi saa za kabla ya adhuhuri, wachache wachache, wakiwa na tope mpaka magotini. Mzee mmoja alikuwa amevunjika mkono. Mwalimu wa kanisa letu aliwakusanya, akauliza nani ameona nini, na mama mmoja akasema ameona watu wanne. Mwingine akasema boti, boti mbili zisizo za hapa. Kijana mmoja akasema zilikuwa risasi za bunduki kubwa, anazijua. Nilikuwa nimesimama katikati yao. Nilisikia wale watu wanne wakipata nguo, kisha nyuso, kisha lugha. Niliona familia mbili zikifunga vifurushi kwenda Mununga. Na sikusema. Mulenga alinitazama kutoka kando ya ua, akingoja, kwa kuwa watu wale walikuwa wangu na si wake, nami niligeuza uso. Niliwaogopa wale niliokimbia nao kuliko nilivyowahi kuwaogopa wale tuliowakimbia. Nilifikiri: nitamtafuta Feza kwanza, nitamrudisha, halafu jambo lenyewe litazama tu kama jiwe.

Feza hakurudi. Wengine wote walikuwa wamehesabiwa, isipokuwa yeye na Neema. Tulikwenda ukingoni, mahali matete yanapoanza, marefu kuliko mtu aliyembeba mtu, na yanaendelea mbali ndani ya maji, yakitikisika hata pasipo upepo. Watu waliita. Mwalimu aliita kwa sauti yake ya ibada, wanawake waliita, nami nikaita, Feza, Yaya Feza, dada, ni mimi, toka, hakuna kitu. Kila nilipoita nilijua zaidi ninachokifanya. Nilikuwa nikiita kwa upole. Nilikuwa nikisema hakuna kitu. Hivyo ndivyo walivyosema wale. Kama alikuwa karibu na ananisikia, basi alikuwa amelala chini zaidi, ameuziba mdomo wa mtoto, akijiambia kwamba wamenikamata na sasa wananitumia.

Kule ng'ambo tulikaa kwenye matete siku mbili. Angeweza kukaa mbili tena. Bana Mwape alikuja akasimama karibu yangu, akasema chini chini, kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kunitazama. "Juzi ngwena alikamata mbwa yangu hapa. Mutoto haina siku mbili." Ngwena ni mamba. Kisha akaongeza, "Sema, mwana."

Nikasema. Sikumbuki maneno yote, ila sheria ya Feza pia niliitaja. Nakumbuka nilionyesha bomba, kana kwamba lingenisaidia kuongea, na mama aliyeona watu wanne akikaa chini taratibu, mikono kichwani. Mumewe alikuja kunipiga. Mulenga aliingia katikati akapigwa yeye, kofi moja ambalo hakulirudisha. Mwalimu aliuliza swali moja tu: kama Feza haitiki akiitwa, ataitikia nini?

Jibu lilikuwa limekaa jikoni chini ya sufuria. Nilikimbia. Sombe ilikuwa imeungua ikashika chini, moto umekufa, na utumbo wa bomba ulikuwa bado wa moto kiasi kwamba uliacha mistari kwenye kiganja changu. Ipo mpaka leo. Majina yetu mtu yeyote angeweza kuyajua. Lakini hakuna adui ambaye angeweza kuijua pikipiki inayomeza mate. Tuliurudisha ule mrija ndani kwa nyundo, nikaubana kwa bolti. Kwa pete nilisokota waya wa shaba, Mulenga akapaka udongo wa mfinyanzi juu yake. Spana ilianguka, nikaiokota, ikaanguka. Nilikuwa nikisema kwa sauti, sijui kwa nani, isije ikalipuka, isije ikalipuka, kwa sababu nilijua ikilipuka mara moja tu pale ukingoni, basi hatatoka tena.

Mulenga aliisukuma mpaka penye maji. Watu tuliwaomba warudi nyuma na wasiongee. Aliiwasha. Ililia vizuri, ndogo, ya zamani, lakini ilikwenda moja kwa moja bila kumeza. Ilikuwa pikipiki ya mtu yeyote. Mulenga alipiga magoti akaanza kuilegeza skrubu ya kabureta, kidogo, akisikiliza, kidogo tena, jasho likimdondoka kwenye injini na kuchemka. Kisha ikaja. Inatatarika, inatatarika, inameza, inaendelea.

Tukangoja. Sijui ni muda gani. Ni kama ule wa kutoka darajani mpaka bukari kuiva. Matete yalitikisika upande wa kushoto, mbali kuliko tulivyodhani, na wote tulirudi hatua moja kwa sababu kilichotikisa kilikuwa kinatembea ndani ya maji. Kilisimama. Kikaja tena. Akatokea Feza, maji kifuani, Neema amefungwa juu kabisa mabegani kwa kile kitenge, na ncha ya kitenge ikiwa kinywani mwa mtoto. Alitoka mpaka maji yakawa ya magoti. Hakunitazama. Alimfungua mtoto, akaitoa ile nguo mdomoni mwake. Neema hakulia. Feza alimgeuza, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Mulenga alikuwa ameushika mkono wangu wenye malengelenge, sikuhisi maumivu. Mara ya nne Neema alikohoa maji, akalia, akalia kwa hasira, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye matete.

"Bale batu?" Feza aliniuliza.

"Hapana batu, Yaya. Ilikuwa bomba."

Alilitazama bomba. Akaitazama nyundo, na kiganja changu. Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Meno yake yalikuwa yakigongana. "Usidanganye masikio yangu tena, Kyungu," alisema, akapita.

Hatukufukuzwa. Mkono wa mzee uliunga, ukabaki umepinda, na mwaka mzima uliobaki nilimchotea maji. Watu walikuja kulicheka jambo lile mapema kuliko nilivyotegemea. Wachukuzi walimwita Mulenga Jenerali, na hakuna aliyemtajia cherehani tena. Ila jambo moja halikurudi. Feza hakumimina unga tena kwa kusikia. Pikipiki ilipomeza mate kule darajani aliacha mwiko, akajifuta mikono, akatoka mpaka kwenye kona ya ua kutazama kwa macho, na Mulenga alipofika alingoja chakula. Hakulalamika. Aliingoja bukari ile kila siku, kofia mapajani. Nilikuwa nimechukua kutoka kwa dada yangu kitu kidogo alichovuka nacho, uhakika wa masikio yake, nami nilikichukua kwa mkasi na kopo la dagaa.

Jana tulimzika. Kabla ya jeneza kutoka, Neema, ambaye sasa ni binti mrefu kuliko mimi na anasoma sekondari Nchelenge, alisimama mlangoni akamwita mama yake, kama watoto wanavyoita. Nilitaka kumwambia kwamba hivyo haitiki. Nilimwendea Mulenga pale penye ukuta wa jiko. Sikuhitaji kumweleza. Alinitazama, akatazama wazee, akapanda, akapiga kiki mara moja. Ilikuwa sauti ndogo ya Kichina, ya zamani, na baada ya milio minne au mitano ikameza mate. Wabebaji walikuwa wameshainua jeneza, lakini wakasimama. Tukangoja kidogo, wote, tukiutazama mlango. Kisha tukaenda.